Kimpa Vita, mama aliyechomwa bure

Jina lake tunalijua wote: Kimpa Vita, kwa ubatizo Beatriz. Alizaliwa karibu mwaka 1684 katika ufalme wa Kongo. Wakati ile wakubwa wa inchi walikuwa wanapigana wao kwa wao, na waliokamatwa vitani walikuwa wanauzishwa watumwa ngambo ya bahari. Muji mukubwa, Mbanza Kongo, ulibaki pori.

Mwaka 1704 alianza kuhubiri kama mutakatifu Antoine anasema ndani yake: vita iishe, watu warudie mujini. Maelfu walimufuata, wakajenga tena. Alifundisha pia kama Yesu alizaliwa Kongo. Mapadri Wakapusini walikasirika, wakasukuma mufalme Pedro wa 4. Kosa waliyomupa: kupotosha dini. Tarehe 2 mwezi wa 7, 1706, alichomwa moto. Mutoto wake muchanga tu ndiye alipona.

Mwaka 1709 mufalme mwenyewe alirudia Mbanza Kongo, sawasawa na vile mama ule alikuwa anaomba.

Kwetu huku, shimo ikianguka na kuua watu, mama muzee mumoja anaitwa mulozi. Tuulize kwanza: nani aliona kwa macho yake?