Meno ya Rais wa Kwanza

George Washington alizaliwa Virginia mwaka 1732, akaongoza vita vya kumng'oa mkoloni Mwingereza, na tarehe 30 Aprili 1789 akaapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Marekani. Lakini mng'oaji naye alikuwa amekwisha kung'oka: siku hiyo kinywani mwake lilisalia jino moja tu.

Husimuliwa kwamba alivaa meno ya mti. La hasha! Mganga wake wa meno, John Greenwood, alimchongea meno ya bandia kutokana na jino la kiboko. Hivyo mnyama wa Afrika aliingia Ikulu bila ya kupigiwa kura.

Hapo kicheko hukoma. Daftari la shamba lake, Mount Vernon, laonyesha kuwa mwaka 1784 zililipwa shilingi 122 kwa meno 9 ya watumwa Weusi. Alipofariki mwaka 1799, shambani humo waliishi watumwa 317. Wasia wake uliagiza waliokuwa mali yake waachwe huru, ila baada ya kufa mkewe.

Ndugu msomaji, tunaposifu kinywa kilichotamka uhuru, tusisahau kuyahesabu meno yake.