Jaime Garzón: Mpiga kiwi aliyewahoji wakubwa wa Kolombia

Saa 12 kasorobo alfajiri ya Ijumaa, Agosti 13, 1999, Jaime Garzón alikuwa akiendesha gari kwenda kazini redioni mjini Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Watu wawili waliopakizana kwenye pikipiki walimfikia, wakampiga risasi na kutokomea. Alikuwa na umri wa miaka 38. Wananchi walimjua kwa vichekesho, lakini waliomuua walikuwa wakimfuatilia kwa jambo jingine.

Garzón alizaliwa Bogotá Oktoba 24, 1960. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Taifa lakini hakumaliza. Mwaka 1988 aliteuliwa meya wa Sumapaz, eneo la wakulima wa milimani lililo chini ya jiji hilo, ambako waasi wa FARC walikuwa na nguvu. Wakubwa wake mjini hawakupendezwa na mizaha yake, akaondolewa kazini. Alishtaki, na miaka kadhaa baadaye akashinda.

Mwaka 1990 aliingia kwenye televisheni na kipindi cha Zoociedad, jina lililochanganya jamii na bustani ya wanyama. Kati ya mwaka 1995 na 1997 akaendesha Quac, taarifa ya habari ya mzaha. Wakati huo Rais Ernesto Samper alikuwa akiandamwa na tuhuma kwamba kampeni yake ilipokea fedha za wauza kokeini wa Cali. Garzón alijigeuza kila wiki: leo mpishi wa Ikulu anayesimulia siri za serikali kama mapishi, kesho bawabu anayejua nani anaingia na nani anatoka.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa Heriberto de la Calle, mpiga kiwi mwenye mapengo. Mawaziri, wagombea urais na watu maarufu walikaa kitini, wakanyoosha mguu, naye akawasugua viatu huku akiwauliza maswali ambayo waandishi wenye tai waliogopa kuyauliza. Hakuchagua upande. Serikali, jeshi, matajiri na waasi, kila mmoja alipata fungu lake.

Kwa sababu hiyo pande zote zilimsikiliza. Miaka hiyo FARC waliweka vizuizi kwenye barabara kuu, wakasimamisha mabasi na magari ya watu binafsi, wakachukua abiria waliodhani wana fedha na kudai fidia. Safari ya kawaida ya siku moja ingeweza kuwa mwaka mzima porini. Familia zilimwendea Garzón, naye akapanda milimani kuwaomba makamanda wawaachie mateka. Wengi walirudi nyumbani kwa jitihada zake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa watu wa mrengo wa kulia jeshini na kwa wanamgambo waliopigana na waasi, mtu anayezungumza na FARC alikuwa mwenzao. Garzón aliposikia kwamba Carlos Castaño, kiongozi wa wanamgambo hao, ameamuru auawe, hakukimbia nchi. Siku chache kabla ya kifo chake alikwenda gereza la La Modelo kumwomba mfungwa mmoja mwenye uhusiano na Castaño amkutanishe naye, ajieleze mwenyewe. Hakuifikia siku ya kukutana.

Maelfu walifurika Bogotá kumuaga. Mwaka 2004 Castaño alihukumiwa miaka 38 bila kuwepo mahakamani, hakuwahi kukamatwa. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilitamka kwamba dola lenyewe linabeba dhamana ya mauaji hayo. Mwaka 2018, miaka 19 baada ya risasi zile, José Miguel Narváez, aliyekuja kuwa naibu mkuu wa idara ya usalama wa taifa, alitiwa hatiani kwa kumchochea Castaño.

Castaño alimuua mtu ambaye tayari alikuwa njiani kwenda kuzungumza naye.