Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 14: Mkwawa na ahadi iliyokosa mdai



Leo tumkumbuke mtu ambaye sisi wa Iringa na Mbeya tunamjua tangu shule ya msingi: Mtwa Mkwawa.

Alizaliwa karibu mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliwatawala Wahehe na alipigana sana na Wasangu wa Merere, huko ambako leo ni Mbarali. Munyigumba alifariki mwaka 1879, ukazuka ugomvi wa urithi, mwisho Mkwawa akashika nchi. Akajenga ngome ya mawe Kalenga. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wake wakakivamia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani wakarudi, wakaiteka Kalenga mwezi Oktoba 1894. Mkwawa akaishi porini karibu miaka minne, huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, amezingirwa Mlambalasi, akajipiga risasi. Hilo tunamwachia Mola. Kichwa kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Sasa hapa ndipo penye somo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukaandikwa Mkataba wa Versailles, 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kilitaka pia mus'haf unaonasibishwa na Sayyidna Uthman (r.a.) urejeshwe kwa Mfalme wa Hijazi.

Mkataba ulianza kufanya kazi Januari 1920. Fuvu limerudi lini? Mwaka 1954! Miezi sita imegeuka miaka 34.

Jamani, maandishi yalikuwepo. Kitu kilitajwa, muda ulitajwa, mataifa makubwa yalitia saini. Ila kifungu hakikusema nini kitatokea fuvu lisipoletwa. Na haki ya kudai walipewa Waingereza, si Wahehe. Wajerumani waliposema hawajui liliko, Waingereza wakaliacha. Wenye msiba hawakuwa na pa kusimama kudai. Mpaka Gavana Edward Twining alipolifuatilia mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, ndipo fuvu lililotambuliwa kuwa lake likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, pale Kalenga.

Ndugu zangu, Surat al-Baqara inatuagiza deni liandikwe, muda utajwe, mashahidi wawepo, na inaruhusu rehani. Haya si mapambo. Ndiyo yanayoipa karatasi miguu. Ukimkopesha mtu hela ya mbolea ili akulipe kwa mpunga, andikeni pia: asipolipa, itakuwaje? Na ukifa wewe, nani atadai? Mkeo anajua? Watoto wanajua karatasi iko wapi? Haki isiyo na mdai hulala, na yatima ndio wanaolala nayo njaa.

Na wewe unayedaiwa, usifurahi kwamba jamaa hana shahidi wa kukupeleka Mahakama ya Mwanzo. Saumu yako haina askari. Ungeweza kunywa maji chumbani na mtu asijue, lakini hunywi, kwa kuwa unajua nani anakuona. Basi huyo huyo analiona na deni.

Kabla ya futari leo, kila mmoja aandike anachodai na anachodaiwa, amwoneshe mtu wa nyumbani kwake.

Allah atujaalie kutimiza ahadi, atutakabalie funga zetu. Aamiin.