Siti binti Saad: sauti iliyovuka bahari

Mwaka 1928 wanamuziki wachache kutoka Unguja walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi santuri za Kiswahili. Kati yao alikuwamo mwanamke aliyekaribia miaka hamsini, Siti binti Saad. Maisha yake yanatusaidia kujibu swali ambalo sisi watu wa redio tunalo kila siku: sauti peke yake, bila sura, inaweza kumfanya nini msikilizaji?

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hakusoma shule. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu kuviuza. Inasimuliwa kwamba akinadi biashara yake, watu walimtambua kwa sauti kabla hajatokea.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, mwanamuziki, alimfundisha kuimba akifuata ala. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata ukubwani.

Wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa jumba la Sultani na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, wakiwamo Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa. Waliomwonea wivu walimkejeli kwa sura na asili yake. Naye alijibu kwa wimbo: uzuri na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili.

Wimbo wake unaokumbukwa sana ni Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka bara, aliyetolewa kwenda kwenye ngoma kisha akauawa. Muuaji alivuka bahari akatoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mahakama ilikuwa imemaliza kazi yake, lakini wimbo haukunyamaza. Asiyejua kusoma naye alipata habari, tena akaipata pamoja na uchungu wake.

Uchungu huo ulipitaje kwenye santuri? Katika taarabu ya ukumbini, mwimbaji huona nyuso za watu. Wanamtunza, wanaitikia, naye hurudia ubeti uliowagusa. Bombay hapakuwa na hayo. Palikuwa na maikrofoni, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi tu. Kila kitu kilipaswa kukaa ndani ya sauti: pumzi, irabu inayovutwa, mtetemo mwishoni mwa mstari, na udi na fidla vikimjibu.

Na ilitosha. Santuri zilisambaa mwambao wote wa Afrika Mashariki, zikachezwa majumbani na mikahawani, watu wengi wakizunguka kinanda kimoja. Wengi wao hawakupata kumwona Siti maishani. Kejeli za sura yake hazikuwa na nafasi hapo, kwani santuri haina uso wala haitaji ukoo.

Karibu na mwisho wa maisha yake alimsimulia Shaaban Robert historia yake, naye akaiandika katika Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki Julai 1950, kabla Unguja haijawa na kituo chake cha redio. Bi Kidude aliendelea kuimba nyimbo zake hadi uzeeni, na wanahabari wanawake wa Tanzania, kupitia chama chao cha TAMWA, waliliita jarida lao Sauti ya Siti.

Msikilizaji, ukibahatika kupata rekodi yake ya zamani, vumilia mikwaruzo ya mwanzo. Zima taa ukiweza. Utasikia kwanza ala, halafu mwanamke aliyeitwa Mtumwa akianza kuimba.