Alfred Büchi, mhandisi aliyeupa moshi kazi

Lori lenye mzigo linapopanda vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, utasikia mlio mwembamba kama filimbi. Hiyo ni turbo. Aliyeibuni ni Alfred Büchi, aliyezaliwa mwaka 1879 mjini Winterthur, Uswisi.

Büchi aliona kwamba nguvu nyingi ya mafuta hutoka bure na moshi. Akaamua moshi huo uzungushe feni, nayo feni izungushe nyingine inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Alisajili ubunifu wake Ujerumani mwaka 1905. Majaribio ya 1915 hayakumridhisha, lakini hakuacha. Mwaka 1925 alifaulu: injini ya dizeli iliongezeka nguvu kwa zaidi ya asilimia 40. Alifariki mwaka 1959.

Msikilizaji, kabla hujamwambia fundi akate au abadilishe ekzosi ya gari la turbo, kumbuka hili. Bomba likivuja kabla ya turbo, moshi hupotea bila kufanya kazi. Likiwa jembamba mno baada ya turbo, moshi hukwama na gari huwa zito mlimani. Kelele nyingi si nguvu.