Daktari wa Jicho Moja na Ramani ya Pini

Ukipanda basi asubuhi pale Uyole kwenda Kyela, unapanda na sweta. Tukuyu bado umelivaa. Ukianza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa unalivua, na ukifika Kyela unatafuta maji ya baridi. Tofauti ya namna hiyo ndiyo iliyomsaidia Denis Burkitt kuuelewa ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wa Afrika Mashariki.

Alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho moja likapotea. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, kisha akahamia udaktari (mliobadilisha kozi, mna mwenzenu). Ombi lake la kwanza la kazi makoloni lilikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Baada ya vita, mwaka 1946, akapangiwa Lira, Uganda, na miaka miwili baadaye akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akatupa jicho dirishani: mtoto mwingine, uvimbe uleule! Akarudi kufukua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu watoto 38.

Fedha ya utafiti ilikuwa kiduchu. Basi akachapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma kwa posta hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wamewahi kuuona ugonjwa huo. Palipojibiwa ndiyo, pini ikachomekwa kwenye ramani ya ukutani. Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakaondoka Kampala na Ford kuukuu la pauni 250. Wiki 10, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50, Tanganyika ikiwemo njiani.

Sasa, kilichochora mpaka ni majibu ya hapana. Karibu na ikweta ugonjwa ulitoweka kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na walivyozidi kwenda kusini mpaka ukazidi kushuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, akatambua kwamba hesabu haikuwa ya mwinuko, ilikuwa ya joto. Baadaye malaria kali ikahusishwa, pamoja na kirusi ambacho Anthony Epstein na wenzake walikigundua London mwaka 1964 kwenye chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Na kwa kuwa Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Ninawasikia wenzangu bwenini wakitaka kuifundisha simu itambue magonjwa kwenye picha. Kazi ni ileile: mifano mingi, kila mmoja na jibu lake, kama mazoezi tunayowapa wanafunzi kwenye BTP. Lakini wengi wanapakua picha za wagonjwa wa ng'ambo, tena wagonjwa watupu. Mashine iliyoonyeshwa wagonjwa tu itauona ugonjwa kila mahali. Inahitaji hapana za Mbeya na Iringa, na hizo hazipakuliwi, zinafuatwa kwenye zahanati kwa miguu na daftari.

Nina shaka moja na ile ramani, hata hivyo. Ilihesabu waliofika hospitali. Mtoto aliyefia kijijini hakupata pini, na simu zetu nazo hazitamwona.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uingereza akashikilia hoja nyingine, ya nyuzinyuzi kwenye chakula, akizunguka kuwahimiza watu wale nafaka zisizokobolewa, yaani dona ileile tunayoikwepa kantini. Alifariki Machi 1993, akiwa na miaka 82.