Paul Ehrlich: Aliyetaka Dawa Ijue Pa Kupiga

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake. Wapo walioimaliza milango yao wakiitafuta dawa hiyo, hata wasiokuwa wa dini yetu. Mmoja wao ni Paul Ehrlich.

Alizaliwa mwaka 1854 katika familia ya Kiyahudi huko Strehlen, Prussia, mji ambao leo uko Poland. Akisomea udaktari alivutiwa na rangi za kutilia nguo. Chini ya hadubini aliona rangi moja ikishika seli za aina fulani na kuziacha nyingine. Akajiuliza: ikiwa rangi huchagua, kwa nini dawa isichague?

Mwaka 1888 alipatwa na kifua kikuu, akaenda Misri kutafuta nafuu. Aliporudi Berlin aliwapa panya sumu ya mbegu za mbarika, mmea tunaoujua sote, kidogo kidogo. Miili yao ikajenga kinga, wakastahimili kipimo kinachoua. Utafiti wake juu ya kinga ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Metchnikoff.

Mwaka 1909 msaidizi wake kutoka Japani, Sahachiro Hata, aliijaribu upya dawa namba 606 iliyokuwa imewekwa kando. Ikatibu kaswende. Lakini ilikuwa na aseniki, ikawadhuru baadhi ya wagonjwa, na Ehrlich akashutumiwa vikali. Alifariki mwaka 1915.

Wazo lake halikufa. Mwaka 1975 ilipatikana njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Watafiti wakaifunga sumu ileile ya mbarika kwenye kingamwili inayozitambua seli za saratani ya mapafu, wakaijaribu kwanza maabara, kisha kwa wagonjwa. Kingamwili ndiyo mjumbe, sumu ndiyo mzigo. Mjumbe akikosea nyumba, asiye na hatia huumia. Ndiyo maana seli nzima nazo hupimwa, si zile za saratani tu.

Ndugu zangu mnaosoma tiba, famasia na biolojia, hapo ndipo penye amana. Sumu na dawa hutofautiana kwa kipimo na kwa mahali inapofikia, na mwenye kupima ataulizwa mbele ya Allah (S.W.). Tusidharau elimu kwa sababu ya aliyeileta; tuichukue, tuipime, tuiongeze.

Wallahu a'lam.